Mali Bila Daftari: Moto wa Daejeon, Hifadhi ya Wingu na Kumbukumbu za Taifa

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mafundi walikuwa wakihamisha betri za lithiamu, zile zinazoshika mzigo umeme unapokatika, na moja ikashika moto. Zimamoto walifanya kazi usiku kucha na sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Mifumo 709 ya serikali ilisimama: posta, vitambulisho, huduma za wananchi, barua pepe za wizara. Mingi ilirejeshwa polepole katika wiki zilizofuata, kwa kuwa ilikuwa na nakala rudufu mahali pengine. Mmoja haukurejea. Uliitwa G-Drive.

G-Drive ilikuwa hifadhi ya wingu ya watumishi wa umma. Ilianza kutumika mwaka 2018, na kila mtumishi alitengewa nafasi ya kuweka nyaraka zake za kazi. Zipo ofisi zilizowaelekeza watumishi wao waweke kila kitu humo na wasibakize chochote katika kompyuta za mezani, kwa sababu za usalama. Wizara inayosimamia utumishi wa umma ilitii agizo hilo kuliko zote, na ndiyo iliyoumia kuliko zote. Zilipotea terabaiti 858 za data. Serikali ilieleza kwamba mfumo huo haukuwa na nakala ya nje kwa sababu ulikuwa mkubwa mno.

Naomba msomaji arudie kuisoma sentensi hiyo ya mwisho. Mfumo haukunakiliwa kwa kuwa ulibeba vitu vingi mno. Sababu iliyopaswa kuwafanya wenye mamlaka waulinde zaidi ndiyo iliyotolewa kuwa kisingizio cha kutoulinda. Nao hawakukosa onyo. Miaka mitatu kabla, Oktoba 2022, kituo cha data cha kampuni binafsi kilishika moto karibu na Seoul, na huduma za Kakao, ambazo Wakorea wengi huzitumia kutuma ujumbe na kulipa nauli, zikavurugika kwa siku kadhaa. Wakati ule serikali iliikaripia kampuni kwa kutokuwa na mfumo pacha mahali pengine. Mkaripiaji hakwenda kukagua nyumba yake mwenyewe.

Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zilizopiga hatua ndefu zaidi duniani katika matumizi ya kompyuta serikalini. Ikiwa haya yamewafika wao, sisi tunaohamia huko kwa mbio tunapaswa kujiuliza maswali mapema, kabla maswali hayajatuuliza sisi.

Kisa cha karibu zaidi

Jambo hili nililijua kwa uchungu kabla ya Daejeon. Miaka kumi hivi iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekusanya masimulizi ya wazee wa upande wa Nachingwea kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Aliwarekodi wazee 23 kwa simu yake. Wengine walikuwa vibarua wa kung'oa visiki wakiwa vijana wa miaka 17 au 18. Rekodi zilipanda zenyewe kwenda kwenye akaunti yake ya wingu, naye akazifuta katika simu ili apate nafasi. Alifanya kama sote tunavyofanya.

Simu iliibwa stendi ya mabasi. Akanunua nyingine, akajaribu kuingia katika akaunti, akaambiwa aweke tarakimu zilizotumwa kwenye namba yake ya zamani. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la shemeji yake, ambaye wakati huo alikuwa safarini. Kufikia siku shemeji alipopatikana, laini ilikuwa imefungwa. Mwanafunzi aliandika barua pepe nyingi kwa wenye huduma na kila mara alijibiwa na mashine. Rekodi hazikuungua, na inawezekana hadi leo zipo katika seva fulani, katika nchi fulani, zikiwa salama kabisa. Ila hakuna mtu duniani anayeweza kuzisikiliza.

Alirudi Nachingwea mwaka uliofuata. Kati ya wazee 23, tisa walikuwa wamefariki dunia. Tasnifu ilikamilika na ilifaulu, lakini sauti tisa zilitoweka, na mimi niliyekuwa msimamizi sikuwa nimemuuliza hata mara moja wapi alikuwa akiziweka. Nilimuuliza kuhusu nadharia, kuhusu sampuli, kuhusu mtindo wa kunukuu. Swali la masijala sikuliuliza.

Wingu lina anwani

Neno wingu linatudanganya. Linatufanya tudhani kwamba data imepaa, imeepuka mchwa, mvua na wezi. Wingu ni majengo. Majengo hayo yana kuta, milango, mitambo ya kupoza joto, bili za umeme, walinzi, wanahisa na mahakama zenye mamlaka juu yake. Anayeweka faili katika wingu ameliweka katika nyumba ya mtu mwingine, kwa mkataba ambao mara nyingi hakuusoma. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nguo akiidai, unabaki ulivyo.

Historia fupi ya miaka 30 iliyopita inatuonyesha njia kuu tano ambazo kumbukumbu za kidijitali hupotea. Nazitaja moja moja kwa sababu kila moja inahitaji kinga yake.

Njia ya kwanza ni ajali ya mahali. Daejeon ni mfano mmoja. Mwingine ni Strasbourg, Ufaransa, ambako tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la kituo cha data cha kampuni ya OVH. Tovuti nyingi za Ulaya zilizimika siku hiyo. Wapo wateja waliokuwa wamelipia huduma ya nakala rudufu, kisha wakagundua kwamba nakala hiyo ilikuwa imewekwa palepale ilipokuwa data yenyewe. Nakala inayokaa chini ya paa moja na asili yake ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Njia ya pili ni kosa la binadamu au la programu. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa na watumiaji wake tangu mwaka 2003 hadi 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Zilikadiriwa kuwa nyimbo milioni 50. Wanamuziki wengi wachanga hawakuwa na nakala nyingine. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, programu iliyopaswa kutengeneza nakala rudufu za kompyuta kuu ilirekebishwa vibaya, nayo ikafuta takriban terabaiti 77 za data za watafiti, mafaili yapatayo milioni 34. Mlinzi aliyeajiriwa kulinda ghala ndiye aliyelimwaga.

Njia ya tatu ni uamuzi wa mwenye nyumba. GeoCities ilianzishwa mwaka 1994 na kuwapa watu wa kawaida nafasi ya kujenga kurasa zao za kwanza za intaneti. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola, na Oktoba 2009 ikaifunga nchini Marekani. Mamilioni ya kurasa yangepotea bila alama kama wapenzi wa kumbukumbu wasingejitolea kunakili walichoweza. Tukio hilo halina moto wala mdukuzi. Biashara haikulipa, basi. Siku hizi zipo kampuni zilizotangaza wazi kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Google ilitangaza utaratibu huo mwaka 2023. Fikiria mzazi aliyefariki akiacha picha za familia na hati za shamba katika akaunti ambayo watoto hawaijui. Miaka miwili ni muda mfupi kuliko mirathi nyingi zinavyochukua mahakamani.

Wanaharakati wana sababu ya pekee ya kuitazama njia hii. Mwaka 2017 YouTube ilianza kutumia programu za kutambua video za kigaidi, na kwa mkupuo ikaondoa idadi kubwa ya video za vita vya Syria, zikiwemo zilizorekodiwa na raia kama ushahidi wa mashambulizi dhidi yao. Baadhi zilirejeshwa baada ya malalamiko. Mwezi Agosti mwaka huohuo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli wa Libya, ikitegemea kwa kiasi kikubwa video zilizosambazwa katika mitandao ya kijamii. Kwa hiyo katika mwaka mmoja dunia ilijifunza mambo mawili: kwamba video ya simu inaweza kuwa ushahidi wa kumfikisha mtuhumiwa mbele ya mahakama, na kwamba ushahidi huo unaweza kufutwa na mashine isiyojua ilichokiona.

Njia ya nne ni kutosomeka. Mwaka 1086 maofisa wa Mfalme William wa Uingereza waliandika kwa mkono orodha ya ardhi, watu na mifugo ya nchi waliyoiteka. Kitabu hicho, Domesday Book, kipo hadi leo na kinasomeka. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC iliongoza mradi wa kutengeneza Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi wa shule, waliandika habari za maeneo yao, na kazi yote ikawekwa katika diski za leza zinazohitaji mashine maalumu. Kabla hata miaka 20 haijatimia, mashine hizo zilikuwa adimu kiasi kwamba wataalamu walilazimika kubuni programu ya kuiga kompyuta ya zamani ili diski zisomeke tena. Ngozi ya kondoo ilihimili karne tisa. Diski haikuhimili kizazi kimoja.

Njia ya tano ni kupotea kwa ufunguo, na hiyo ndiyo iliyomfika mwanafunzi wangu. Data ipo, imelindwa vyema, imefungwa hata kwa mwenyewe.

Kilwa, Goa na London

Wanaosoma historia ya pwani yetu wanalijua tatizo hili kwa sura ya kale. Tarehe ya Kilwa, simulizi kuu ya masultani wa mji ule, haikutufikia kwa mkono wa mwandishi wake wa kwanza. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, na nakala ya asili haijulikani ilipo. Simulizi imesalia kwa njia mbili. Toleo moja lilitumiwa na mwanahistoria Mreno João de Barros katika kitabu kilichochapishwa Lisbon mwaka 1552. Toleo la pili ni la Kiarabu, lililonakiliwa Zanzibar katika karne ya 19, na leo limo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Matoleo hayo hayakubaliani katika kila jambo, na kutokubaliana huko ni faida kwetu, kwa maana kunawawezesha wanahistoria kulipima moja kwa lingine.

Vivyo hivyo, baadhi ya barua za Kiswahili za zamani kabisa zilizosalia, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 18, hazipo Kilwa wala Dar es Salaam. Zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa sababu Wareno walizitunza katika makao makuu yao. Na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki dunia karibu mwaka 1840, yaliokolewa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah pamoja na mmisionari William Taylor, waliokusanya yaliyokuwa bado vinywani mwa watu na katika karatasi za watu. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, karne moja baada ya kifo chake.

Napata mafunzo mawili hapa, nayo yanavutana. Funzo la kwanza ni kwamba kilichosalia kilisalia kwa kunakiliwa na kwa kukaa mbali na mahali pa hatari. Kama Tarehe ya Kilwa ingebaki Kilwa peke yake, pengine leo tusingekuwa na chochote cha kubishania. Funzo la pili ni kwamba kusalimika ugenini kuna gharama. Mwanafunzi wa Lindi anayetaka kuiona hati inayohusu mji ulio mkoani kwake anahitaji viza, tiketi ya ndege na kibali cha maktaba. Kumbukumbu yake ipo salama, ila si yeye anayeamua nani aione, lini na kwa bei gani.

Wingu linatuletea mvutano uleule. Data zetu nyingi zinakaa Ulaya, Marekani au Afrika Kusini, mbali na mafuriko ya Jangwani na katizo za umeme. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika, watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani walibaki wakikodolea macho skrini zinazozunguka. Data ilikuwepo kwa asilimia mia moja. Hatukuwa na njia ya kuifikia.

Sheria ipo, masijala iko wapi?

Haitakuwa haki kusema kwamba nchi yetu haikulifikiria jambo hili. Sheria ya kwanza ya nyaraka za taifa ilitungwa mwaka 1965, taifa likiwa bado changa. Ilifuatiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo pamoja na mengine inasimamia usafirishaji wa taarifa binafsi kwenda nje ya nchi. Wakenya walitunga ya kwao mwaka 2019. Kwa upande wa karatasi za sheria, hatuko uchi.

Tatizo liko katika desturi za kila siku. Zamani kila ofisi ya serikali ilikuwa na masijala. Barua ikiingia iligongwa muhuri wa tarehe, ikapewa namba ya folio na kuwekwa ndani ya jalada, na jalada likaandikwa katika daftari la mzunguko: limekwenda kwa nani, limerudi lini. Karani wa masijala hakuwa na cheo kikubwa, lakini hakuna mkurugenzi aliyeweza kufanya kazi bila yeye. Mtumishi alipohamishwa kulikuwa na makabidhiano: mafaili, funguo, samani, hata kalamu za wino.

Leo rasimu ya mkataba inatumwa kwa WhatsApp. Taarifa ya mradi inaandikwa katika akaunti binafsi ya afisa, kwa kuwa mfumo rasmi ni mzito au nywila imesahaulika. Maoni ya mkurugenzi yanatolewa kwa ujumbe wa sauti. Afisa akihamia mkoa mwingine anakabidhi kiti, kompyuta na gari. Akaunti yake hakabidhi, na hakuna anayemdai. Mtumishi mpya anaanza upya, akimpigia simu mtangulizi wake kumwomba amtumie faili ambalo kisheria ni mali ya umma. Huyo mtangulizi akistaafu, akifariki au akiamua tu kutopokea simu, ofisi imepoteza akili yake.

Kwa mujibu wa utaratibu wa nyaraka za taifa, kumbukumbu nyingi za umma hufunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 30. Maana yake ni kwamba jalada linaloanzishwa mwaka huu litasomwa na mwanahistoria ambaye pengine bado hajazaliwa. Je, uamuzi uliofanywa leo katika kundi la WhatsApp atausoma wapi? Tunaweza kuandika historia ya mradi wa karanga wa mwaka 1947 kwa undani kuliko watakavyoweza wajukuu zetu kuandika historia ya miradi yetu ya sasa. Wakoloni walitutawala kwa mabavu, ila waliacha mafaili, na mafaili hayo yametusaidia kuwashitaki mbele ya historia. Serikali isiyoacha mafaili haiwezi kushitakiwa, lakini pia haiwezi kutetewa. Afisa mwadilifu aliyepinga ubadhirifu kwa maandishi anahitaji maandishi yake yadumu kuliko mbadhirifu anavyohitaji yapotee.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wenzangu watakaosema kwamba nalipamba karatasi. Karatasi nayo huungua. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotoka Table Mountain uliteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu ya makusanyo adimu ya masomo ya Afrika. Karatasi huliwa na mchwa, hulowa, huibwa na kuuzwa kwa wafunga karanga. Mtu yeyote aliyefanya utafiti katika mahakama zetu za mwanzo amewahi kuambiwa kwamba jalada halionekani.

Watasema pia kwamba kwa taasisi maskini, wingu lina usalama mkubwa kuliko kompyuta iliyowekwa chini ya ngazi, inayofutwa vumbi siku mgeni rasmi anapotarajiwa. Nakubaliana nao. Ukraine ilibadili sheria yake Februari 2022, siku chache kabla ya uvamizi wa Urusi, ikaruhusu data za serikali kuhamishiwa kwenye wingu nje ya nchi. Rejista za ardhi na za raia zilinusurika kwa sababu hazikuwa tena katika majengo yanayoweza kupigwa kombora. Ingekuwa upuuzi kuwaambia Waukraine kwamba wingu ni hatari.

Hoja yangu basi haipo kati ya karatasi na wingu. Ipo kati ya kilichonakiliwa na kisichonakiliwa, kati ya chenye mlinzi anayejulikana na kisicho na mlinzi. Mwaka 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulishtuka kukuta mazingira yake katika wingu la Google yamefutwa kwa kosa la mipangilio. Wanachama walikaa siku kadhaa bila kuona akaunti zao. Kisha huduma ikarudi. Ilirudi kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyesisitiza nakala nyingine iwekwe kwa kampuni tofauti kabisa. Tofauti kati ya UniSuper na G-Drive haikuwa teknolojia wala utajiri. UniSuper walikuwa wamejiuliza mapema: huyu tuliyempa mali yetu akiteleza, tutafanya nini?

La kufanya

Kwa wanafunzi. Kazi yako iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na unapoishi. Kwa lugha ya bwenini: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje isiyokaa begi moja na kompyuta, moja katika wingu. Namba ya simu inayolinda akaunti yako iwe imesajiliwa kwa jina lako. Kila mwezi fungua nakala mojawapo uone kama inafunguka, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Mimi, kwa upande wangu, siku hizi sisaini fomu ya mwanafunzi wa uzamili kuanza kuandika kabla sijaona rekodi zake za uwandani zimekabidhiwa maktaba. Wengine hunung'unika. Nawasimulia habari za wazee tisa.

Kwa wanaharakati. Mtandao wa kijamii ni uwanja wa kutangazia, usiugeuze kuwa ghala. Video au picha ya tukio ihifadhiwe kwanza kama ilivyotoka katika kamera, pamoja na tarehe, mahali na jina la aliyerekodi likiwa limelindwa panapostahili, ndipo itumwe. Ushahidi mnaoutegemea msiuache katika akaunti ya mtu mmoja, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kukamatwa, kuumwa au kukata tamaa.

Kwa watumishi wa umma. Rudisheni makabidhiano, na safari hii yahusu akaunti na mafaili ya kidijitali. Uamuzi uliofanywa kwa simu uandikiwe dokezo na kuwekwa katika jalada siku hiyohiyo. Mnaponunua huduma ya wingu, ulizeni maswali manne kabla ya bei: data itakaa nchi gani na chini ya sheria ya nani, nakala ya pili iko jengo gani, tukitaka kuondoka tutaondoka nayo katika umbo gani, na mara ya mwisho kujaribu kuirejesha ilikuwa lini. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hafai hata kama anatoa kwa bure.

Kwa watunga sera. Estonia ilikubaliana na Luxemburg mwaka 2017 kuweka nakala za rejista zake muhimu katika kituo kilichopo Luxemburg lakini chini ya mamlaka ya Estonia, mfano wa ubalozi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina soko la pamoja na pasipoti ya pamoja. Hakuna kinachozizuia kuwekeana nakala za rejista za ardhi, vizazi na vifo, Dodoma ikitunza za Kigali na Kigali ikitunza za Dodoma, kila moja ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa mwenyewe. Tungepata faida ya umbali bila kulipa tena gharama ya Goa na London. Na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipewe watu na vifaa vya kupokea mafaili ya kidijitali kama inavyopokea majalada, maana sheria bila chombo cha kuitekeleza ni hati nyingine tu ya kuhifadhi.

Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo hutajwa sana madukani, lakini inalihusu taifa zima. Watumishi wa Korea Kusini walikuwa na mali nyingi, na daftari lao likawa moja tu, katika jengo moja. Leo jioni, kabla hujalala, jiulize ni kitu gani usingeweza kukipata tena kama akaunti yako moja ingefungwa kesho asubuhi. Kisha amka ukakinakili.